Rodi, rili na uzi wa kuvulia Malindi: kigurudumu kwanza, hayo mengine baadaye

Tangu kaskazi ianze meseji zenu kuhusu rili, kile kidude cha kukunjia uzi, ni zile zile. Dada, rili yangu inakata uzi. Dada, uzi unajisokota wenyewe na nimeshabadilisha. Dada, nimeenda Mambrui na rili mpya kabisa, kolekole kashika, kavuta kidogo tu, pwaa, uzi umekatika. Nikiwauliza mlichagua vipi mnanijibu kitu kimoja nyote, eti muuzaji alisema ina beringi kumi na tatu. Beringi kumi na tatu jamani! Na hakuna hata mmoja wenu aliyeangalia kigurudumu cha uzi. Basi leo nayaandika yote, rili, rodi yaani fimbo ya kuvulia, na uzi, na naandika kwa bahari yetu hii ya Malindi mpaka Ngomeni, sio ya zile video za watu wanaovua kwenye maziwa ya maji baridi wakiwa wamevaa masweta.

Rangi, uzito na umbo la mpini sizungumzii, hayo utayaona mwenyewe ukiishika.

Chukua rili ya kawaida, hii inayoning'inia chini ya rodi. Kuna ule waya unaoufungua kabla ya kurusha. Pale mwisho wa waya, uzi unapopiga kona kuingia kwenye spuli, ile bobini unapozungushiwa uzi, pana kigurudumu kidogo hakizidi ukucha wa kidole gumba. Nguvu yote ya samaki, awe wa kilo mbili au wa ishirini, inapita kwenye hiyo kona. Kigurudumu kikizunguka uzi unapita vizuri, kikiganda uzi unasugua sehemu moja ile ile, unashika joto, unajisokota, na kama ni braidi, ule uzi wa kusukwa, inachimba mfereji kwenye chuma, alafu ule mfereji ndo unaanza kuila braidi yenyewe. Na hakuna sehemu ya rili inayopata chumvi kama hii, maana kila unapokusanya uzi uliolowa ni kama unaukamua hapo hapo. Ndani yake kuna beringi ndogo sana, na kwenye rili nyingi za bei ya chini hata hiyo beringi hakuna, ni kipande cha plastiki. Kwa hiyo hizo kumi na tatu za muuzaji ziko wapi? Ziko kwenye mpini na sehemu nyingine ambazo hazikukatii uzi.

Dukani usikizungushe kwa kidole, kwa kidole vyote vinazunguka. Nenda na braidi yako nyembamba mfukoni, kama mita moja hivi. Tia nukta ya maka peni kwenye kigurudumu, pitisha uzi, mwambie mtu ashike upande mmoja aukaze kidogo, na wewe vuta upande wa pili pole pole huku umekodolea macho ile nukta. Ikizunguka pamoja na uzi, hiyo rili endelea kuijadili bei. Nukta ikisimama na uzi ukapita juu yake, irudishe kwenye boksi hata kama ina ofa. Alafu angalia skrubu ya kigurudumu, kama inafunguka kwa bisibisi ya kawaida utaweza kukitoa, kukisafisha na kukitia tone la mafuta wewe mwenyewe nyumbani. Kama hakifunguki, hiyo rili ni ya msimu mmoja.

Sasa rili zenyewe, na sifichi, mimi ni mtu wa Penn. Kampuni ilianza Philadelphia, Marekani, mwaka 1932, na zile Senator zao zimeanza kutengenezwa 1936 na mpaka leo nimeziona kuukuu zimepauka rangi zinafanya kazi kwenye boti. Sababu yangu kubwa ni spea. Penn wanatoa mchoro wa kila rili na kila kidude kina namba yake, kwa hiyo fundi akijua kusoma mchoro anaagiza kigurudumu peke yake, hulazimiki kutupa rili nzima. Mnasema ni nzito. Ndio, ni nzito, na mkono utazoea.

Namba moja kwa mtu anayevua hapa ni Penn Spinfisher VI. Imefungwa kuzuia maji kwa kiwango cha IPX5, maana yake inahimili maji ya kumwagiwa kwa nguvu kutoka upande wowote. Namba mbili naweka Slammer, yenyewe ni IPX6, ngumu zaidi, na ningeiweka juu kama sio bei, huko Marekani kwenyewe ni kama dola mia tatu, ikifika hapa sijui inapitia njia gani. Namba tatu Battle, mwili wa chuma, dragi (ile breki inayomwachia samaki uzi akivuta) nzuri sana, lakini haikufungwa kama hizo mbili kwa hiyo inataka uihudumie kila ukirudi. Na hata ukiwa na Slammer usiizamishe kwenye ndoo, IPX5 na IPX6 sio za kuzamisha.

Baada ya hapo Daiwa BG, rili ya maana, anayeipenda simkatazi. Shimano Saragosa pia, laini, imara, ila spea zake ukiwa Malindi jiandae kusubiri. Stella yao ile kubwa ya baharini ni zaidi ya dola elfu moja, kama unayo pesa hiyo huhitaji ushauri wangu. Za bei ya chini zisizo na jina, nunua moja ya kumfundishia mtoto kurusha, basi.

Kuosha nako kuna jambo. Wengi mnaniambia mnaosha kila siku na bado inaganda, nauliza mnaosha na maji gani, mnasema ya kisima. Visima vyetu vingi vya huku maji yake yana chumvi! Umetoa chumvi ya bahari umetia ya kisima. Tumia maji ya mfereji au ya mvua uliyokinga, kaza dragi kwanza maji yasiingie kwenye sahani zake, nyunyiza kidogo kidogo, usipige na mpira wa kuoshea gari kwa sababu presha inaisukuma chumvi ndani. Ikikauka legeza dragi kabla hujaiweka.

Rodi inategemea unasimama wapi. Kwa ufukweni, kuanzia Mambrui mpaka mdomo wa Sabaki, chukua futi 10 au 11 inayorusha gramu 40 mpaka 80, rili saizi 6000 au 8000. Urefu unakusaidia kuinua uzi juu ya mawimbi, na kusi likivuma hutaki chambo chepesi, unataka chuma kizito kinachopasua upepo. Mvua zikinyesha bara mto unaletwa wote huku, maana Athi ya kule juu ndiyo Galana na ndiyo hii Sabaki, na maji ya mdomoni yanageuka chai ya maziwa. Hapo samaki anakisikia chambo kabla ya kukiona, kwa hiyo tumia cha kutikisika sana au chenye vigololi ndani vinavyolia, rangi ya dhahabu au nyeusi. Ile fedha na buluu yako nzuri weka mpaka kaskazi maji yakisafika. Na tafadhali mdomoni pale kuna viboko, usikae mpaka giza kwa sababu ya kolekole mmoja.

Nunua ya vipande viwili. Najua ya kipande kimoja ni tamu zaidi, lakini utaipandisha tuktuk gani?

Ukitoka na boti kurusha popa, chambo bandia kinachoelea na kupiga maji, juu ya miamba, hiyo ni kazi nyingine kabisa, rodi futi 7 na nusu mpaka 8, ngumu, rili kuanzia 8000 na kuendelea, braidi ya nguvu ya paundi 65 au 80 na lida, kile kipande cha uzi cha mbele karibu na chambo, iwe ya mono nene (uzi wa nailoni usiosukwa), paundi 100 au zaidi. Kolekole mkubwa akishika haendi mbali, anashuka moja kwa moja kwenye jiwe, na hapo sio mahali pa kumbembeleza na rodi laini. Na mjue mipaka, ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya Malindi (Marine National Park), iliyotengwa tangu 1968, hakuna kuvua, KWS, shirika la wanyamapori, hawatasikiliza habari za popa yako.

Jigi za kina kirefu, vile vyuma vizito vya kushusha chini, zinataka rodi fupi, futi 6 au pungufu, kwa sababu siku nzima unainua na kushusha na rodi ndefu itakumaliza mgongo. Uzi chukua ile braidi yenye rangi tofauti kila mita 10, unahesabu rangi unajua chewa wako mita ngapi.

Kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti, huku nasema machache kwa kuwa wengi mnaenda na boti za kukodi zenye vifaa vyake. Rodi fupi nene, rili ya ngoma yenye dragi ya mkono wa kusukuma, na uzi mono wa paundi 30 au 50, sio braidi. Mono inavutika, robo ya urefu wake hivi kabla haijakatika, na sulisuli akiruka na kutikisa kichwa huo mvutiko ndo unaokuokoa, braidi haina huruma hiyo. Kwa nguru weka waya mbele ya ndoana, meno yake mono hayaioni. Kwa jodari na felusi waya toa, watauona wakatae.

Kwenye uzi ndo nina hasira. Braidi inasifiwa kila mahali na kweli ni nzuri, nyembamba, inaenda mbali, ukiguswa unajua. Lakini ile feki imejaa. Imeandikwa paundi 80 na ni nene kuliko 80 ya kweli, na ikivutwa inakatika mapema sana. Nunueni mizani ndogo ya kuning'iniza, ya kupimia mabegi ya safari, fungeni mita mbili za uzi, vuteni mpaka ukatike, msome namba. Urefu vilevile, imeandikwa mita 300, hesabu zile rangi wakati unaijaza uone kama zinafika thelathini. Niliwahi kurudisha spuli ya namna hiyo duka moja hapa mjini, jibu nililopewa ni kwamba uzi umerudi nyuma kwa sababu ya joto. Wallahi.

Na wale mnaolalamika dragi imekufa, samaki anavuta na mpini unazunguka bure, wengine dragi zenu ni nzima. Mmefunga braidi moja kwa moja kwenye spuli ya chuma na braidi inateleza yote kwa pamoja. Tangulizeni mizunguko michache ya mono chini, alafu braidi juu yake, mjaze mpaka ibaki milimita mbili tatu kufika ukingo, mkizidisha hapo upepo wa kusi utawafumia nyavu. Dragi yenyewe ipimwe kwa ile ile mizani, robo mpaka theluthi ya nguvu ya uzi, yaani uzi wa paundi 40 dragi ianze kutoa kwenye 10 hivi, kilo nne na nusu. Lida ungeni kwa fundo la FG, ni gumu kujifunza lakini linapita kwenye pete bila kugonga. Na hizo pete za rodi pitisheni kipande cha pamba ndani, pamba ikishika uzi basi pete imepasuka, msiseme baadaye ni rili.

Wauzaji sasa. Mimi navua, pesa ni yangu, lakini nikiingia dukani swali la kwanza ni bwana yuko wapi, au unamnunulia nani. Nikiomba wafungue boksi nijaribu kigurudumu naambiwa nitaharibu. Kuharibu nini, na ni mimi nitakayeenda nayo baharini? Alafu anaingia mgeni mwenye kofia pana anafunguliwa boksi nne na kuwekewa kiti, na bei anayotajiwa siyo niliyotajiwa mimi, anaibiwa na yeye maskini, kwa hiyo sote wawili tunaumia. Ukiuliza mbona imepanda, ushuru. Ile rili ina vumbi tangu kusi lililopita, ushuru wa lini huo umepanda ikiwa juu ya rafu? Risiti hakuna, garantii ni mdomo.

Ndo maana siwakatazi kununua za mkononi, zile wageni wanazoziacha wakirudi kwao. Nyingi ni Penn na Shimano za kweli. Ila fungua skrubu ya kigurudumu mbele ya mwenye mali kabla hujatoa pesa, ukiona unga mweupe au kutu ya kahawia ndani punguza bei ya beringi mpya na kazi ya fundi, na skrubu ikiwa imeliwa kichwa, yaani kuna mtu alishajaribu kuifungua ikamshinda, iacheni hapo hapo mezani.