Electric Warrior ya T. Rex: uzoefu wangu na CD iliyotumika

Nauza CD zilizotumika hapa Mwanza, na nyingi huzipata kwa kununua boksi zima, bila kuchagua, kutoka kwa wafanyabiashara wa mitumba wa Mlango Mmoja. Wateja wangu wakubwa ni wenye magari yaliyotoka Japani na redio zake za CD, ambao hutafuta zilipendwa, injili na rumba ya Kongo; rock ya Uingereza hukaa mezani mpaka jalada linafubaa. Kwa hiyo nilipoikuta Electric Warrior, albamu ya kundi la rock la Uingereza T. Rex, kwenye boksi la karibuni sikuitegemea kwa faida. Niliiweka kwenye redio kwa sababu zamani niliijua kupitia kaseti iliyorekodiwa vibaya, na nilitaka kusikia kilichokuwa kimefunikwa na ule mkwaruzo.

Albamu hii ilitoka mwaka 1971 na ikafika nafasi ya kwanza Uingereza. Kabla ya hapo Marc Bolan, mwimbaji na mtunzi wa kundi hili, alikuwa akipiga gita lisilo la umeme katika kundi la watu wawili lililoitwa Tyrannosaurus Rex. Mwaka 1970 jina likafupishwa kuwa T. Rex, gita la umeme likashika nafasi, na mwanzoni mwa 1971 akaonekana kwenye televisheni ya BBC akiwa amejipaka vimetameta mashavuni, tukio ambalo wengi hulihesabu kuwa mwanzo wa glam rock, yaani rock ya mavazi ya kung'aa na mapambo. Anayezijua habari hizo hutarajia kelele na mbwembwe, lakini kilichotoka kwenye spika zangu kilikuwa muziki wenye nafasi nyingi na haraka kidogo sana.

"Mambo Sun", wimbo wa kwanza, unatosha kuonyesha ninachosema. Besi ya Steve Currie na ngoma za Bill Legend zinashika mdundo mmoja na hazibanduki, tumba za Mickey Finn zinatembea chini yake, na Bolan anaimba kwa sauti ya karibu, kama mtu asiyetaka chumba cha pili kimsikie. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tumezoea wimbo uanze taratibu, maneno yaishe, kisha magita yachanganye na sebene liingie. Hapa sebene haliji. Dereva mmoja niliyemsikilizisha aliniuliza, "Kaka, mbona haichanganyi?" Nadhani aligusa penyewe, kwa kuwa Bolan anaukalisha wimbo pale pale ulipoanzia hadi mwili wa msikilizaji unaukubali, na kuupandisha kungeuharibu.

"Cosmic Dancer" ndio wimbo niliourudia zaidi. Mtayarishaji Tony Visconti aliupangia vyombo vya nyuzi ambavyo vinaingia polepole nyuma ya gita, na kwenye kaseti yangu ya zamani vilikuwa ukungu tu. Kwenye CD unasikia kila safu inapojiunga. "Get It On" inajulikana hata kwa wasiomjua Bolan, ingawa Marekani singo hiyo iliuzwa kwa jina la "Bang a Gong" ili isichanganywe na wimbo wa kundi jingine. Waitikiaji wake ni Mark Volman na Howard Kaylan, waliotoka kundi la The Turtles, na zile noti za piano zinazoporomoka ni za Rick Wakeman.

Si kila kitu ni kizuri. "Lean Woman Blues" ni blues ya kawaida ambayo bendi yoyote ya baa ingeipiga, na mashairi mengi ya Bolan yanapendeza masikioni kuliko yanavyoeleweka.

Nakala niliyoipata ni ya chapa ya zamani, yenye nyimbo 11 na muda usiofika dakika 40. Yapo matoleo ya baadaye yaliyoongezewa nyimbo, lakini sioni kama albamu hii inahitaji nyongeza. Sauti yake iko chini kidogo, hivyo mtu aongeze redio. Kwa wanaonunua CD zilizotumika kwa yeyote, ikagueni kwenye mwanga pande zote mbili. Wengi hutazama upande unaong'aa tu, wakati tabaka la alumini liko karibu zaidi na upande wenye maandishi, chini ya vanishi nyembamba. Mkwaruzo mzito wa huko hautibiki, ilhali mikwaruzo midogo ya upande wa pili mara nyingi haizuii kusoma. Yangu ina alama mbili ndogo upande unaong'aa na haikukwama popote.

Ninaipa nyota nne kati ya tano na ninaiuza shilingi 6,000, mara mbili ya bei yangu ya kawaida. Atakayetaka kupunguziwa namshauri aanze na wimbo wa mwisho, "Rip Off", ambao Bolan anaupigia makelele na saksafoni inahangaika hadi mwisho. Baada ya huo, tutaelewana bei.