Samani za Nyumba Ndogo: Chungulia Bawaba Kabla ya Kuuliza Rangi

Sofa yangu inayokunjuliwa kuwa kitanda ilipendeza macho: kitambaa cha kijivu, sponji nene, na sanduku la kuwekea shuka chini ya kiti. Katika mwezi wa saba, mgeni akiwa amesimama kando na mto wake mkononi, niliinua kiti na bawaba ya kushoto ikang'oka pamoja na skrubu zake nne, huku matundu yakimwaga unga laini kama wa mti ulioliwa na bungua. Hapakuwa na mdudu yeyote. Sehemu ile, niliyouziwa kwa jina la mbao, ilikuwa chipibodi, yaani chembe za mbao zilizogandamizwa na kushikanishwa kwa gundi, ambamo skrubu ikishalegea ni shida kuikaza tena.

Nitaruka habari za rangi, mtindo na vipimo vya chumba, kwa kuwa kila anayenunua huzifikiria bila kukumbushwa. Ninaloshikilia ni kwamba samani ya kazi mbili huishi kwa kufunguliwa na kufungwa. Ukiifungua usiku na kuifunga asubuhi, ni mara 730 kwa mwaka, na tofauti na bawaba ya kabati, ambayo hubeba mlango tu, bawaba hizi mara nyingi hubebeshwa pia mtu aliyelala. Kwa hiyo ukifika dukani jiulize kwanza uzito wa mtu huyo unapita wapi hadi kufika sakafuni. Ukipita kwenye mguu, bawaba imebaki na kazi ya kugeuka tu, nayo inaweza kuifanya kwa miaka mingi. Ukining'inia kwenye skrubu zilizozamishwa ndani ya chipibodi, siku zake zinahesabika. Piga magoti, washa tochi ya simu, uangalie kama kilichoshika bawaba ni skrubu fupi au ni bolti iliyotokeza upande wa pili na kukazwa kwa nati. Kisha ifungue nusu na ubonyeze kona moja kwa kiganja. Ikicheza ingali mpya, nenda zako.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa meza ya NORDEN ya IKEA, na ninakiri mapema kwamba kampuni hiyo iliyozaliwa Sweden naipendelea, hasa kwa sababu huandika vipimo vya samani ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguliwa. Meza hiyo ina upana wa sentimita 80. Ikifungwa urefu wake ni sentimita 26, bawa moja likiinuliwa unakuwa 89, na yote mawili yakiinuliwa unafika 152. Bawa halining'inii, kwa kuwa mguu huzungushwa kama lango na kusimama chini yake, mbinu ambayo maseremala wa Uingereza walikuwa wakiitumia tangu karne ya 17. Katikati kuna droo 6, zote ndogo, na miguu huwagonga magoti wanaokaa pembeni. Ninavumilia yote mawili.

Ya pili ni ya kampuni hiyo hiyo, kitanda cha HEMNES chenye droo 3, ambacho mchana hutumika kama kiti. Sehemu ya chini huvutwa mbele, na upana wa sentimita 80 ukawa 160, huku godoro la juu likishushwa kando ya lile la chini. Kwa kuwa kinavutwa, hakuna bawaba ya kubeba mtu. Kasoro yake ni ule ufa katikati ya magodoro mawili, ambao anayelala katikati ataujua kabla ya usiku wa manane, na kina cha kiti, kinachodai mito mingi mgongoni.

Nafasi ya tatu ni kitanda cha kukunjia ukutani, ambacho Wamarekani hukiita kwa jina la William Murphy, aliyekitengeneza akiishi San Francisco mwanzoni mwa karne ya 20. Hakuna samani inayokomboa sakafu kubwa kuliko hiki, na kingekuwa cha kwanza kama wauzaji wangesema habari za magodoro. Pistoni za gesi au springi zinazokiinua hupimwa kwa uzito wa fremu pamoja na godoro. Weka godoro zito kuliko lililokusudiwa, nacho kitashuka kwa kishindo. Weka jepesi mno, na kitang'ang'ania kupanda kila unapokishusha. Mizigo yote hiyo huvuta ukuta, hivyo mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta asikitamani, na mwenye ukuta mwembamba wa mbao amwite fundi atakayezifikia nguzo za ndani.

Stuli zenye sanduku ndani ni za nne, na hazina mengi: kifuniko kinachoondolewa chote ni bora kuliko chenye bawaba. Sofa za bei rahisi ambazo mgongo wake hulazwa kwa kubofya ni za mwisho. Zinamfaa mgeni wa usiku mmoja, basi.

Wauzaji nao wana lao. Ukitaka kukifungua kitu dukani, unaambiwa utakichafua, ilhali nyumbani utakifungua kila siku. Dhamana niliyopewa mimi ilitaja fremu na kitambaa, na niliporudi na bawaba yangu mfukoni, nikaelezwa kwamba bawaba ni kitu cha kuchakaa kwa matumizi na kwamba haiuzwi peke yake, ila ninaweza kununua sofa nyingine. Bei ya sofa nzima kwa kipande kinachoenea kiganjani! Fundi seremala alitoboa chipibodi hadi upande wa pili, akaweka bamba la chuma kwa nyuma, akapitisha bolti nne na kuzikaza. Bawaba ya kushoto sasa haitikisiki, na ile ya kulia, ambayo bado imeshikwa na skrubu za dukani, imeanza kulia.