Garmin GLO 2 na kishikwambi cha Android: kifaa kizuri, tatizo liko kwenye mipangilio

Vishikwambi vingi vya Wi-Fi pekee havina GPS ndani, na hapo ndipo Garmin GLO 2 inapofaa. Ni kipokezi kinachoenea kiganjani, kinachosoma setilaiti za GPS na GLONASS (mfumo wa Urusi unaofanana na GPS) na kutuma mahali ulipo mara 10 kwa sekunde kupitia Bluetooth. Chaji hukaa hadi saa 13. Kwenye iPad kazi inaisha ukishakioanisha. Android ndiko watu wanakokwama.

Kiwashie nje, mbali na kuta na mabati, ukilaze kikitazama anga mpaka taa ya kijani iache kumetameta. Kila setilaiti hurudia taarifa za njia yake baada ya sekunde 30. Ukitembea nacho chini ya miti wakati huo, unakatiza mapokezi na unaanza kusubiri upya. Halafu kioanishe kwenye mipangilio ya Bluetooth.

Wengi huishia hapo, wakafungua ramani na kukuta nukta haipo. Kipokezi si kibovu. Android haichukui mahali kutoka Bluetooth bila programu ya kati, kwa mfano Bluetooth GNSS. Isakinishe, kisha nenda kwenye maelezo ya kifaa, gusa nambari ya muundo mara 7 ili chaguo za wasanidi zifunguke, na humo uiteue kuwa programu ya mahali bandia, yaani inayoiambia Android mahali ulipo badala ya GPS ya ndani. Rudi uunganishe. Ukimaliza kazi iondoe kwenye chaguo hilo, maana baadhi ya programu hukataa kufanya kazi zikigundua mahali bandia.

Anayetumia QField au SW Maps, programu za kukusanya data za ramani, hahitaji mzunguko huo: zote mbili huunganisha kipokezi moja kwa moja. Ila usiache programu ya kati ikiwa wazi, kwani zitagombania muunganisho mmoja. Nukta ikirukaruka, zima utafutaji wa mahali kwa Wi-Fi. Mfumo unachanganya vyanzo viwili.

Kosa lenye gharama zaidi halihusu Bluetooth kabisa. Kipokezi hutoa mahali kwa WGS84, mfumo wa kupimia unaotumiwa na GPS, ilhali ramani nyingi za zamani za Kenya, Tanzania na Uganda zimechorwa kwa mfumo mwingine, Arc 1960. Tofauti yake ardhini ni karibu mita 300. Kwa Nairobi au Dar es Salaam, ramani ya namna hiyo ipewe EPSG:21037 (msimbo wa mfumo wake kwenye programu ya ramani), na pointi zako za UTM, yaani zilizoandikwa kwa mita, ziwe EPSG:32737. Usisogeze pointi kwa mkono ili zilingane na ramani!

Usahihi ni wa mita chache. Unatosha kuorodhesha visima, nguzo za umeme na mashamba. Bikoni za mipaka zinahitaji vifaa vya RTK, vinavyopima kwa usahihi wa sentimita. Marekebisho ya WAAS na EGNOS, yanayotumwa na setilaiti ili kuongeza usahihi, yanahudumia Amerika Kaskazini na Ulaya, hivyo usiyategemee huku. GLO 2 pia haihifadhi njia uliyopita, kwa hiyo kishikwambi kikizimika, kumbukumbu inakatikia hapo. Mwenye simu nzuri yenye GPS yake hana sababu ya kuinunua.