Common App wakati ratiba ya mwaka wa mwisho bado inayumba: nyota nne

Hii ni kwa wazazi na walezi wenzangu wa Marekani ambao mtoto yuko mwaka wa mwisho wa hai skuli na bado hajajua vizuri atasoma nini. Common App ndo ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi, sasa hivi ni zaidi ya 1,000, ipo tangu 1975 enzi za makaratasi. Mimi nimeitumia nikimsaidia mpwa wangu, na huyo hadi Septemba inaisha hakuwa na uhakika kama ni kalkulasi ama takwimu, darasa la kalkulasi lilijaa akawekwa listi ya kusubiri. Kwa hiyo naipima kwa hilo tu, ratiba isipotulia fomu inakubeba au inakubana?

Inakubeba, ila ujue wapi pa kusubiri. Inafunguka kila Agosti 1, na hapo mtoto anaweza kuanza kujaza familia, shughuli zake, insha isiyozidi maneno 650, vyote vinajihifadhi, na hata akaunti ya mwaka uliopita majibu mengi yanabaki. Jamani anzeni mapema hizo sehemu. Lakini kuna sehemu ya kozi za mwaka huu, unaandika jina la kozi, levo yake, kama ni ya mwaka mzima au muhula, na hiyo ndo uiache ya mwisho kabisa mpaka kaunsela wa shule, yule anayesimamia ratiba na maombi ya vyuo, aseme ratiba imethibitishwa, kwa sababu ukishabonyeza kutuma, iliyokwenda imekwenda, huifungui tena kwa chuo kile. Hapo ndo nimekata nyota moja. Kitu kizuri ni kwamba vyuo ambavyo hujavipelekea fomu bado unaweza kuvirekebishia, ila kile kilichokwishapokea lazima mwanafunzi mwenyewe akiandikie, kwa portali yao au imeili ya ofisi ya udahili, na amwombe kaunsela apeleke ratiba mpya. Msikae kimya mkidhani hawataona, mwisho wa mwaka transkripti kamili, yaani rekodi ya masomo na alama zake zote, inaenda na wataona tu.

Sasa dedlaini. Maombi ya mapema vyuo vingi ni Novemba 1 au 15, ya kawaida mengi yanaangukia mwanzoni mwa Januari. Kuna ya mapema inayokufunga, yaani ukikubaliwa unaenda hapohapo na kwingine unafuta, na hiyo mimi simshauri mtu ambaye kozi inayoyumba ndiyo chuo kinaitaka, mfano anaomba uinjinia na kalkulasi haieleweki. Sisi tuligawa: vyuo ambavyo kalkulasi au takwimu ni sawa tu tukatuma Novemba kwa ile isiyofunga, vya uinjinia tukavingojesha Januari, na kwenye sehemu ya maelezo ya ziada akaandika mistari miwili tu, darasa limejaa, nimesubiri, nimewekwa hapa. Bila kulia lia. Naona ilitosha, msomaji wa maombi anataka kujua ni shule ilikosa nafasi au ni mtoto alikimbia somo gumu.

Faida nyingine ya Januari ambayo watu wanaisahau, kaunsela ana ripoti ya katikati ya mwaka anayotuma matokeo ya muhula wa kwanza yakitoka, kwa hiyo kama mtoto kahamishiwa kozi mpya na anafanya vizuri chuo kitaiona kabla hakijaamua.

Vyuo vya University of California havimo humu, vina fomu yao wenyewe, kutuma kunafunguliwa Oktoba 1, na huko nako ukibadilisha kozi baada ya kutuma unatakiwa kuwaambia.

Akaunti ya Common App ni bure, ada inadaiwa na chuo, na kama hela ni shida kuna pa kuomba msamaha wa ada ndani ya fomu hiyohiyo, ulizeni kaunsela mapema maana Oktoba ofisi zao zinafurika.