TAHADHARI: Kisanduku cha kuunganisha redio na simu ya mezani kinachouzwa Mombasa

Wenye ofisi za klieringi Shimanzi na Changamwe, wenye boti, wenye kampuni za ulinzi: kuna muuzaji anazunguka na kisanduku cheusi, Sh18,000, cha kuchomeka kwenye redio na laini ya simu ya ofisini, eti ukiwa baharini na wokitoki yako utapiga simu kupitia laini ya ofisini. Vyombo vya kazi hiyo vipo kweli, tena vya zamani. Anachouza yeye sicho.

Mtego uko kwenye majaribio. Anainua mkono wa simu iliyo kwenye laini hiyohiyo, anapiga namba kwa simu hiyo, anaulaza mkono mezani, kisha anakupa redio uongee. Sauti inapita na wewe unatoa pesa. Lakini aliyeshika laini ni ile simu. Mwambie aichomoe kabisa, kisha redio ipige yenyewe. Kimya!

Sababu utaiona ukifungua skrubu nne za chini: transfoma ndogo iliyong'olewa kwenye redio kuukuu, kapasita (kifaa kinachopitisha sauti lakini huzuia DC, umeme wa upande mmoja) moja ya volti 50, na gundi nyingi. Hakuna rilei, yaani swichi ya umeme ya kushika laini. Ili mitambo ya simu ijue umeinua, lazima mkondo wa DC wa kama miliampia 20 upite, na kapasita hiyo inauzuia. Hakuna saketi ya kutambua mlio wala ya kusoma namba unazobonyeza. Hakuna hata saa ya kukata, kwa hiyo wa upande wa pili akikata, redio inabaki kurusha mlio wa "tuu tuu".

Kapasita yenyewe haidumu. Laini iliyotulia ina takriban volti 48 za DC. Simu ikiita, huongezeka AC (umeme wa kwenda na kurudi) ya volti 75 hadi 90. Ya volti 50 inakufa hapo. Ikifa kwa kushoti, laini inashikwa muda wote na kila anayekupigia anaambiwa inatumika. Panapohitajika kapasita hapo, iwe ya volti 250 au zaidi, isiyo na chanya na hasi.

Kuna na waya mmoja unaounganisha ardhi ya redio (upande wake wa hasi) na upande mmoja wa laini ya simu. Huo ndio unaoleta mngurumo wa umeme wa stima. Mbaya zaidi, ameunganisha pamoja ardhi za plagi mbili za redio ya mkononi, ya milimita 2.5 na ya 3.5. Kwenye redio nyingi za aina hiyo, bati za shinani za plagi hizo zikigusana ni sawa na kubonyeza PTT, kile kitufe cha kuongelea. Ukichomeka tu, redio inaanza kurusha bila kukoma, chaneli inazibwa, na redio inachemka mpaka transista ya mwisho, ile ya kurushia, inaungua. Ukimrudia, atakwambia redio yako ni feki.

Nenda na mita. Kisanduku kikiwa kimezimwa na hakijachomekwa popote, pima omu kati ya kila waya wa simu na ardhi ya redio: mita isisome kitu. Ikisoma karibu na sifuri, ondoka. Transfoma inayofaa ni ya omu 600 kwa 600. Dai pia cheti cha idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano (CA), si stika.

Uliyekwisha nunua, kichomoe kwenye laini kwanza, ndipo uchomoe redio. Ujumbe wa M-Pesa usiufute.