LibreOffice ya amri na Pandoc: maoni ya mwenye steshenari

Niseme hukumu mapema ili mwenye haraka aende zake. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia mfano wa Word, ikitumiwa kwa amri, bila kufungua dirisha, naipa nyota nne kati ya tano. Pandoc, programu ya kubadili waraka kutoka aina moja ya faili kwenda nyingine, naipa nne vilevile, ila kwa kazi nyingine kabisa. Anayezishindanisha hizi mbili hajawahi kukaa kaunta wiki ya kukusanya ripoti za fildi.

Steshenari yangu iko Morogoro, na wateja wengi ni wanachuo. Huyu analeta .docx kwenye flashi, yule ana .odt kwa sababu laptop yake ni ya Linux, mwingine ana .doc ya kale aliyorithi kwa kaka yake pamoja na kompyuta. Wote wanataka PDF, wanataka kuprinti na kubaindi, na wote wana haraka. Kuna wenzangu wanaopandisha kazi za watu kwenye tovuti za bure za kubadilishia mafaili. Mimi sithubutu. CV ina namba ya NIDA, ina simu za wadhamini watatu, halafu unaipeleka kwenye seva ya nani? Na bando linaliwa bure.

LibreOffice inafanya kazi hiyo hapahapa, mtandao uwepo usiwepo. Unaweka mafaili yote kwenye folda moja, unaandika soffice --headless --convert-to pdf na majina ya mafaili, unageuka kuhudumia wa kutoa kopi. Ukirudi PDF zimejipanga. Hata ile .doc ya kaka inafunguka, jambo ambalo Pandoc haiwezi.

Nyota moja nimeikata kwa sababu mbili. Ya kwanza: kama LibreOffice ya kawaida iko wazi kwenye mashine hiyohiyo, ile ya amri inaweza kumaliza kimya bila kutoa faili wala lawama, kwa kuwa zote mbili zinagombea wasifu mmoja wa mtumiaji, yaani folda inayotunza mipangilio yake. Dawa ni kuipa ya amri folda yake ya wasifu kwa -env:UserInstallation. Hilo lingepaswa kusemwa kwa herufi kubwa, halisemwi.

Ya pili ni fonti, na hapa ndipo wateja wanapogombana na wenye duka. Word ilikuja na Calibri kama fonti ya kawaida kuanzia toleo la 2007 hadi Aptos ilipochukua nafasi yake miaka ya karibuni, na kazi nyingi za wanachuo ziko kwa Calibri. Kompyuta isiyo na Calibri inaweka fonti nyingine, upana wa herufi unabadilika, mistari inasogea. Sura ya Nne iliyokuwa ukurasa wa 31 inahamia wa 33, na orodha ya yaliyomo inaendelea kusema 31 kwa sababu haijihesabu upya wakati wa kubadili. Weka Carlito, ambayo herufi zake zina upana sawa na za Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria. Zote ni za bure. Kwa Arial na Times New Roman, familia ya Liberation inatosha.

Sasa, .odt yenyewe, aina ya faili ya LibreOffice. Naipenda, na sababu si ushabiki. Badili jina la faili kutoka .odt kuwa .zip, lifungue, utaona kila kitu: content.xml ndiyo maandishi, styles.xml ndiyo mitindo, picha ziko kwenye folda ya Pictures, na faili dogo liitwalo mimetype linalotaja aina ya waraka. Muundo huu ulipitishwa na OASIS, shirika la viwango, mwaka 2005, ukawa kiwango cha ISO mwaka 2006. Hata .docx ni ZIP, lakini ndani yake sentensi moja iliyosahihishwa mara kadhaa inaweza kukatwakatwa vipande mpaka uitafute kwa tochi.

Ukichungulia content.xml unamjua mwandishi. Kichwa halisi kinaandikwa text:h na ngazi yake, 1, 2, 3. Aya ya kawaida ni text:p. Mwanafunzi aliyekoleza wino na kukuza herufi ili ionekane kama kichwa, kwenye faili ana text:p yenye mtindo P7, basi. Kwa macho ni kichwa, kwa programu ni aya nene. Na yule aliyesukuma neno "Sahihi" hadi kulia kwa kubonyeza spesi? Faili linamwandikia text:s lenye idadi ya nafasi, tuseme 42. Ukiandika skripti yako (programu fupi) ya kusoma .odt na ukalisahau hilo text:s, nafasi zitapotea na sahihi itarudi kushoto.

Pandoc inaanzia hapo. Imetungwa na John MacFarlane, profesa wa falsafa kule Berkeley, Marekani, na ipo tangu 2006. Haijali sura ya waraka, inajali mifupa: vichwa, orodha, tanbihi, majedwali. Ukubwa wa fonti na pambizo inaviacha nyuma. Kwa anayetaka ripoti yake iingie kwenye tovuti, au mhariri anayetaka maandishi safi kutoka kwa waandishi kumi wenye mitindo kumi, hakuna mfano wake. Unaipa waraka wa kiolezo kwa --reference-doc, na kila kazi inatoka na sura moja. Kwa .docx yenye masahihisho ya msimamizi, unachagua uyakubali, uyakatae au uyaone yote.

Lakini aya nene zitabaki aya nene, na mteja atakuuliza vichwa vyake vimeenda wapi. Pia Pandoc inasoma .docx vizuri kuliko inavyosoma .odt. Waraka wenye majedwali magumu naupitisha kwanza LibreOffice uwe .docx, ndipo naukabidhi Pandoc. Na kutoa PDF, Pandoc inategemea programu nyingine, kwa kawaida LaTeX ya kupanga kurasa, ambayo ni mzigo mwingine wa kupakua.

Kwa wanaoshughulika na hesabu za vikundi na SACCOS kwenye .ods, faili la LibreOffice la majedwali ya hesabu: soma office:value, usisome maandishi yanayoonekana. Seli inayoonyesha 1,250,000/= ndani ina 1250000 tupu, na hiyo ndiyo ya kujumlisha. Angalia pia number-rows-repeated, maana mtu akipaka rangi safu nzima ya juu hadi chini, faili linasema "rudia mstari huu mtupu" karibu mara milioni moja, na skripti isiyojua itaanza kuiandika yote mpaka kompyuta igande.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa kutafsiri programu huria kwa Kiswahili, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, menyu zake kwa Kiswahili. LibreOffice ni mjukuu wa kazi ileile, ilijitenga na OpenOffice.org mwaka 2010. Vijana wanaoingia dukani kwangu hawajawahi kusikia habari hizo, na menyu wanaitumia ya Kiingereza.

Zote mbili ni za bure. Kama kompyuta yako ni moja na wateja wako ni wa kuprinti, anza na LibreOffice na hizo fonti. Pandoc ongeza siku utakapopata mteja wa tovuti au wa jarida.

Na wale wa "nibadilishie PDF iwe Word": LibreOffice inajaribu, kwa kichujio cha writer_pdf_import, ila kila mstari unatoka ndani ya kisanduku chake, huwezi kuhariri aya. Kazi hiyo naichapa upya, na bei yake iko ukutani.