Filamu za wasanii kwenye banda la video, Mwanjelwa, Mbeya

Mimi ni mchoraji wa mabango, na maandishi ya ukuta wa nje wa banda hili niliyaandika mimi. Nimezoea kuingia kwa mia tano, muvi ya mapigano, mtafsiri kwenye maiki. Jumamosi kiingilio kilikuwa elfu mbili, tukaonyeshwa filamu fupi za wasanii, zile ambazo makazi yake ni majumba ya sanaa.

Walianza na Steve McQueen, Mwingereza aliyebeba Oscar 2014 kwa filamu ya utumwa. Kumbe alianzia kwenye sanaa ya video, na 1999 alishinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Hii tuliyoonyeshwa ni ya 1997, nyeusi na nyeupe, haina sauti, dakika nne na ushee. Ukuta mzima wa nyumba unamwangukia McQueen mwenyewe, tundu la dirisha linampitia, anabaki wima. Unaanguka tena, safari hii tukiutazama kwa upande mwingine. Na tena. Lakini mtoa maelezo alikuwa ameongea robo saa nzima kabla, akasimulia mpaka hilo dirisha, kwa hiyo ukuta ulipoanguka hakuna aliyeshtuka. Iliniuma sana. Mtafsiri wetu naye alishika maiki, akasema, "Jamaa kasimama...", akanyamaza, akaiweka chini. Banda likatulia mpaka nikasikia feni ya projekta.

Kilichonileta hapa kuandika ni ya pili, ya William Kentridge wa Johannesburg, ya 1991. Yeye huchora kwa mkaa, anapiga picha, anarudi kufuta kidogo na kuchora tena juu ya karatasi ileile, na picha hizo zikifuatana ndiyo filamu. Mkaa haufutiki wote. Nami huchora herufi kwa mkaa kabla ya rangi, na miaka yote nimehangaika na kitambaa kuondoa ule ukungu unaobaki. Yeye anauacha! Mtu akiinua mkono, unaona pale mkono ulipokuwa mwanzo, kama moshi.

Kuna mahali tajiri yuko kitandani anapata kahawa. Anasukuma kichujio cha birika kwenda chini, kinapita sinia, kinapita godoro, kinatoboa ardhi, kinazama mpaka kwa wachimbaji. Sisi watu wa kahawa hatukuhitaji kuelezwa. Taa zilipowashwa, mzee mmoja wa Rungwe kwenye benchi la mbele alisimama, akasema baba yake alikwenda machimbo ya huko kwa Wenela, shirika lililokuwa likiandikisha vibarua wa migodi ya Afrika Kusini, akarudi na kikohozi na sanduku la bati. Alizungumza taratibu, vijana wote wakamgeukia. Hapo mtoa maelezo alifanya jambo jema, alikaa kimya akasikiliza.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandaaji: onyesheni kwanza, maneno yafuate. Na elfu mbili ni nyingi kwa dereva wa bodaboda. Wekeni moja fupi kabla ya muvi ya kawaida ya mia tano, watu wataizoea.

Benchi zilitosha, mlango ulifungwa vizuri na baridi ya Julai ikabaki nje. Shuka la kuonyeshea ndilo baya, lina mikunjo iliyokata uso wa McQueen katikati. Nimeshamwambia mwenye banda nitampakia chokaa ukuta wa ndani mwenyewe, bure, kabla ya onyesho la mwezi ujao.